Mapigo ya Kobero

Saa mbili na dakika kumi na moja asubuhi, kikuku namba 117 kilitoa mlio mfupi na kutangaza kwamba mvaaji wake ametimiza miaka tisini.

"Hongera, Kobero," kilisema kwa sauti ya kike isiyopanda wala kushuka. "Dozi ya maandalizi imetolewa. Dozi ya tisini itatolewa saa nane kamili mchana."

Watu waliokuwa uani wakapiga makofi. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka na vigoda, kila mmoja na kikuku chake cha chuma chepesi juu ya kiwiko cha kushoto, na togwa ilikuwa ikipita kutoka mkono hadi mkono. Kobero mwenyewe alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kamba kilichotolewa nje, kifua wazi, akitabasamu.

Dk. Kokugonza Rweyongeza hakupiga makofi kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akikitembeza kichwa cha ultrasaundi kwenye mbavu za mzee, macho yake kwenye kioo kidogo alichokiegemeza juu ya mkoba.

"Daktari, mbona kimya?" Kobero aliuliza. "Au Wahaya hamwezi kuutazama moyo mpaka muuseme kwanza kwa Kiingereza?"

Uani wakacheka. Kokugonza naye akacheka kidogo. Alikuwa na miezi miwili tu katika milima hii ya Uluguru na alikwishajua kwamba utani usipojibiwa unaongezwa.

"Nautafuta, mzee. Umeuficha wapi?"

"Pale pale nilipopewa."

Alikuwa akitafuta kovu. Mshiriki namba 117 alijulikana kwa kila mwanafunzi wa magonjwa ya moyo katika nchi sita. Miaka kumi na sita nyuma, akiwa na miaka sabini na minne, alipata shambulio la moyo akiwa shambani, na kikuku kikarekodi kila pigo, tangu maumivu yalipoanza mpaka damu ilipofungua tena njia. Ukuta wa nyuma wa moyo wake ulikufa sehemu yenye ukubwa wa sarafu. Picha za wakati ule zilionyesha kovu jeupe, gumu, lisilonywea pamoja na nyama iliyolizunguka. Kokugonza aliichora picha ile katika mtihani wake wa mwisho.

Alipita ukuta wa nyuma mara ya kwanza, kisha mara ya pili kwa pembe nyingine. Ukuta ulinywea wote, sawasawa, kama ngumi ya mtu mwenye nguvu.

Kwa muda mfupi alifurahi. Utafiti wa Kidumbwe ulikuwa na miaka hamsini na mmoja, na tangu mwanzo ulikuwa ukiwafuata watu hawa ili kujua kwa nini wengine hufika tisini na moyo wa kijana. Pengine alikuwa ndiye wa kwanza kuona moyo uliojitengeneza upya.

Kisha akakumbuka alichofundishwa na alichokuwa akifundisha. Moyo hauoti nyama mpya mahali palipokufa. Kovu la moyo halipungui, halihami, wala halifutiki.

Akainua macho akautazama uso wa mgonjwa wake bila kusaidiwa na umri uliosomwa kwenye kioo. Mvi, ndiyo. Mikunjo ya jua, ndiyo. Lakini ngozi ya shingo ilikuwa imekaza na meno yalikuwepo. Mtu huyu hakuwa na miaka tisini. Alikuwa na sitini na kitu.

Mapigo yake yalikuwa arobaini na saba kwa dakika. Kwa mkulima anayepanda na kushuka milima maisha yake yote, hilo halikuwa ugonjwa.

"Filomena," Kokugonza alimwita muuguzi wake bila kugeuka. "Njoo nje ya uzio."

Filomena Kunambi, aliyekuwa muuguzi wa zahanati ya Kidumbwe kwa miaka kumi na minane, aliweka chini kikombe chake cha togwa. Alikitazama kioo, akamtazama mzee, akatangulia kutoka. Kokugonza akajua kwamba jambo hili lilikuwa geni kwake peke yake.

*

"Yule ni nani?"

"Ni Kobero," Filomena alisema.

"Nakuuliza kwa mara ya pili."

"Na mimi nakujibu kwa mara ya pili. Ni mjomba wangu, Kobero. Sijakudanganya, daktari. Hapa hakuna aliyekudanganya."

Walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa shamba la njegere, juu ya matuta yaliyoshuka kama ngazi mpaka bondeni. Kokugonza alisubiri. Alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka mwenzake achoke, na mara nyingi ilimfaa.

"Kobero wa kwanza simjui," Filomena alisema hatimaye. "Wa pili ndiye uliyemsoma vitabuni, mwenye shambulio la moyo. Alianguka tena miaka kumi na mmoja iliyopita, asubuhi, na hakuamka. Kwetu jina kubwa halizikwi na mtu. Kabla maiti haijatoka ndani, mpwa wake aliketishwa kwenye kigoda chake. Akapewa jina, akapewa mkuki, akapewa kikuku. Tangu saa ile akawa Kobero. Wajane wake wakamwita mume wetu, watoto wakamwita baba. Ukimuuliza alizaliwa lini, atakutajia mwaka aliozaliwa Kobero. Hatanii. Ndivyo ilivyo."

"Na kikuku kilikubali?"

"Si kiliuliza?"

Kokugonza alifumba macho. Bila shaka kiliuliza. Kikuku humtambua mvaaji kwa umbo la mapigo yake, lakini umbo hilo hubadilika baada ya shambulio la moyo. Kwa hiyo waliokibuni waliweka kanuni: mapigo yakikatika, kufuli ilegee ili mgonjwa ahudumiwe; yakirudi na umbo jipya kabla ya muda wa saa sita kupita, kikuku kisidhani kifo. Kiulize jina, kisha kitake majirani wawili wathibitishe. Siku ile kiliuliza, *Wewe ni nani?* Mtu aliyekuwa amevikwa jina muda mfupi uliopita akajibu kwa haki, *Mimi ni Kobero.* Majirani wawili wakasema, *Ndiye.*

Mashine ikaandika kwamba mzee wa miaka sabini na tisa amepata shambulio la pili, akapona, na moyo wake ukawa bora kuliko ulivyokuwa. Kuanzia hapo ndipo Mstari wa Kidumbwe, mchoro wa nguvu za moyo kwa kila umri, ulipoanza kupinda kwenda juu. Mstari huo sasa ulikuwa katika kila hospitali ya nchi sita. Ndio uliowaambia madaktari nani apewe dawa leo na nani anaweza kungoja.

"Wako wangapi?"

"Sijui idadi. Majina makubwa yote."

"Miaka kumi na minane, Filomena!"

"Mliniajiri kupima shinikizo la damu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama aliyevaa ni yule yule. Mliuliza, 'Kobero yu hai?' Nikasema yu hai."

Kokugonza alitaka kukasirika, lakini hasira ingemchelewesha. Alitazama saa. Kisha akasema kile ambacho kilikuwa muhimu kuliko Mstari.

"Dozi ya tisini imetengenezwa kwa moyo wa miaka tisini, unaokimbia na wenye mishipa iliyokauka. Hupunguza mapigo kwa theluthi moja, na kidonge ambacho kikuku hukipandikiza chini ya ngozi hufanya kazi kwa siku tisini. Mjomba wako mapigo yake ni arobaini na saba. Tayari amepewa ya maandalizi. Saa nane akipewa yenyewe, moyo utasimama."

Filomena alishika uzio. "Zuia basi."

"Siwezi."

Na hilo lilikuwa kweli. Zamani watafiti waliweza kubadilisha dozi ya mtu mmoja mmoja, mpaka ilipogundulika kwamba waliwapendelea ndugu na marafiki, na watu wengine wakafa. Tangu hapo mamlaka hayo yaliondolewa. Mtafiti alibaki na amri mbili tu: kupokea kujitoa kwa mshiriki, kwa sauti ya mshiriki mwenyewe, na kupokea taarifa ya kifo. Maadamu mvaaji yu hai, kufuli ya kikuku ilitii hizo mbili na si nyingine. Mashine ya kukikata ilikuwa Morogoro mjini, na barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko tangu Jumapili.

"Na ile sindano ya kuamsha moyo iliyo mkobani mwako?"

"Inafanya kazi kwa nusu saa. Kidonge kinafanya kazi kwa siku tisini."

Alimpigia simu Profesa Mbughuni, mkurugenzi wa utafiti, Dodoma. Alimweleza kwa sentensi tano.

"Mwambie ajitoe," Profesa alisema. "Kujitoa hakuhitaji maelezo. Kikuku kinafunguka, mtu wako anapona, na takwimu zinabaki zilivyo mpaka tutakapokaa tukazitazama kwa utulivu."

"Zinabaki zilivyo, yaani na uongo wake?"

"Kokugonza, mwanangu, sikiliza. Ukiandika kifo cha miaka kumi na mmoja iliyopita, Mstari unasimama leo hii. Kila hospitali itapata taarifa kabla ya jua kuzama. Watu milioni ngapi wanakunywa dawa kwa kuufuata?"

"Na wangapi wameambiwa wangoje kwa kuufuata?"

"Ajitoe," Profesa alirudia, na simu ikakatika.

*

Kobero alikataa.

Alikuwa ameketi sasa, shati limefungwa vifungo, mkongojo wa cheo chake magotini. Wageni walikuwa wametolewa uani kwa heshima, na wachache walibaki nje ya uzio wakisikiliza bila kuficha. Kikuku kiliandika mapigo arobaini na mawili.

"Nikisema najitoa, chuma hiki kitasemaje?" aliuliza.

"Kitasema Kobero amejitoa kwenye utafiti," Kokugonza alisema. "Basi."

"Filomena, mwanangu, ni kweli? Mzee Banzi alipojitoa, kilisemaje?"

Filomena alitazama chini. "Kilisema, 'Mapigo ya Banzi hayapo tena.'"

"Mapigo ya Banzi hayapo tena," Kobero alirudia. "Vikuku vyote vya Kidumbwe vilisema hivyo, kwa sauti ile ya binti wenu asiyekohoa. Banzi alikuwa na mbuzi wake na wajukuu wake, halikuharibika neno. Mimi nina maji."

"Maji gani?"

"Hukuambiwa? Umekuja kupima mioyo hujui watu wanaishi kwa nini?" Alinyoosha mkongojo kuelekea mlimani. "Chemchemi ya Lukwale. Kabla ya amani, watu watatu waliuawa pale kwa majembe. Wawili wetu na mmoja wa ukoo wa Mloka, upande wa pili wa mgongo wa mlima. Kobero na Mloka wakakutana, wakala kiapo. Maji ya mchana yaje kwetu, ya usiku yaende kwao, maadamu Kobero na Mloka wanapumua. Hawakusema watoto wao. Hawakusema serikali. Walisema maadamu *hawa wawili* wanapumua. Ndiyo maana hatufi, daktari. Si kwa sababu ya mboga za majani mnazoziandika, wala hewa ya mlimani."

Alisema hivyo bila hasira. Kisha akavuta pumzi, na ikamchukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa.

"Vijana wa sasa wanakiamini chuma," aliendelea. "Zamani walikuja kunitazama usoni. Sasa wanakisikiliza kikuku. Kikitangaza kwamba mapigo yangu hayapo, vijana wa upande ule watapanda Lukwale kabla ya kupambazuka, na wa kwangu watawakuta huko. Unataka niwe hai nikawazike?"

"Usipojitoa utakufa saa nane."

"Basi nitakufa nikiwa Kobero, na Filomena ataleta mtu mwingine wa ukoo kabla sijapoa. Chuma kitauliza jina. Atajibu."

"Mjomba," Filomena alisema.

"Nyamaza. Umekunywa maji hayo."

"Atakayekivaa naye atapewa dozi ile ile," Kokugonza alisema. "Kikuku kinaamini mvaaji ana miaka tisini. Na yeye moyo utasimama. Na atakayefuata."

Hilo halikuwa limemfikia. Kokugonza aliona likimfikia. Mzee aliinamisha kichwa, na kwa muda mrefu alionekana kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali. Alipokiinua, rangi ilikuwa imemtoka midomoni.

"Siwezi kuitoa sauti yangu kusema Kobero hayupo," alisema. "Mimi ndiye niliyekabidhiwa. Mwingine anaweza. Mimi siwezi."

Kikuku: thelathini na tisa.

*

Kokugonza alikwenda kusimama kwenye ukuta wa nyumba na kuyapanga mambo aliyoyajua kwa hakika, kama alivyozoea.

Mtu aliyeketi pale alikuwa hai. Mtu aliyeandikishwa kama mshiriki 117 alikuwa amekufa. Mambo haya mawili hayakupingana, isipokuwa kwa mashine na kwa mzee mwenyewe, na wote wawili walikosea kwa namna moja: waliamini jina ni mwili. Kuandika kifo hakungekuwa uongo. Kungekuwa taarifa ya kweli ya kwanza kutoka Kidumbwe kwa miaka kumi na mmoja.

Lakini mzee alikuwa amekataa. Alikuwa na akili timamu, alielezwa hatari, akaielewa, na akasema hapana. Kokugonza alikuwa amewahi kuwaacha wagonjwa wafe kwa sababu walisema hapana, na hakujutia, kwa kuwa mwili ni wa mwenyewe. Hapa sheria ilimpa njia ambayo haikuhitaji ridhaa ya mtu yeyote, kwa sababu wafu hawaombwi ridhaa. Njia hiyo ilikuwa halali. Alitambua kwamba kuwa halali hakukuifanya iwe safi.

Taarifa ya kifo ilihitaji sauti tatu: ya mtafiti, ya shahidi, na ya mtu wa nyumbani mwa marehemu anayeeleza alipozikwa. Mtu wa nyumbani alikuwa ameketi mbele yake.

Alirudi, akachuchumaa mbele ya kigoda ili macho yao yalingane. Akabonyeza kitufe kidogo kwenye mkoba wake. Kobero hakukiona. Filomena alikiona.

"Mzee," alisema kwa upole, "niambie kitu kimoja tu, maana mimi ni mgeni. Yule mjomba wako uliyemrithi. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Uso wa mzee ulilegea. "Mkali. Lakini akicheka, nyumba nzima inacheka. Alinifundisha kuchonga matuta yale. Aliniambia, Anselmi, tuta lisilo na maji ni ngazi ya panya."

Ilikuwa mara ya kwanza Kokugonza kulisikia jina la kuzaliwa la mtu huyu.

"Ulimlilia?"

"Kama mtoto."

"Mlimzika wapi?"

"Pale," mzee alisema, akionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. "Kando ya mama yake. Mvua ilikuwa ikinyesha. Tulilishusha jeneza na kaburi limejaa tope mpaka magotini."

Mkoba ukatoa mlio. "Sauti ya kwanza imepokelewa," ilisema sauti ya kike. "Kifo cha mshiriki 117. Mtafiti, thibitisha."

Kobero aliutazama ule mkoba, kisha akamtazama Kokugonza. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu aliyekaribisha mgeni ndani, akageuka akamkuta amebeba sufuria.

"Umemtega," Filomena alisema.

"Nimemuuliza. Amejibu."

"Umemtega, daktari!"

"Ndiyo," Kokugonza alisema. Kisha akaugeukia mkoba. "Mtafiti Rweyongeza. Nathibitisha. Kovu la moyo wa mshiriki 117 halipo katika mwili huu. Mshiriki alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita."

"Shahidi, thibitisha."

Kikuku kilionyesha thelathini na saba. Nje ya uzio mtu alikohoa, mwingine akamnyamazisha.

"Sikulazimishi," Kokugonza alimwambia Filomena. "Lakini wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo." Filomena alipiga magoti, akaushika mkono wa mjomba wake, ule usio na kikuku. "Mjomba, nilimwosha mimi. Nilimfunga kidevu mimi. Nisameheni, wewe na yeye." Akainua sauti. "Filomena Kunambi. Nathibitisha. Kobero alikufa."

Kufuli ilifunguka kwa mlio usiozidi ule wa kijiti kinachovunjika. Kikuku kikateleza mkononi, kikaanguka kwenye mkeka. Kokugonza alikwishashika sindano. Akamchoma mzee begani, dawa ya nusu saa, ya kuivusha ile dozi ya maandalizi.

Kisha, nje ya uzio, kwenye matuta, chini bondeni na upande wa pili wa mlima, vikuku vyote vya Kidumbwe vilitetemeka mara moja na kusema kwa pamoja: "Mapigo ya Kobero hayapo tena. Alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Poleni."

*

Kilio kilianza upande wa mtoni kikapanda. Wanawake walikuja na mikeka kichwani kama inavyotakiwa, wanaume na majembe ya kuchimbia kaburi. Kila aliyefika langoni alisimama ghafla, maana marehemu alikuwa ameketi kigodani, amefunikwa blanketi, akinywa uji.

Hakuna aliyecheka. Walikaa chini, wakangoja.

Mzee hakusema na Kokugonza. Alisema na Filomena mara moja tu, kumwomba maji. Mapigo yake, aliyoyahesabu Kokugonza kwa vidole, yalikuwa hamsini na moja.

Simu ya Profesa iliita. Kokugonza aliiacha iite.

Jua lilipovuka utosi, watu wa langoni walifungua njia. Mwanamke mmoja aliingia, mfupi, mnene, kanga imefungwa kiunoni, nyuma yake vijana saba wa upande wa pili wa mlima. Vijana walikuwa na majembe. Haikujulikana kama ni ya kaburi.

"Ni Mloka," Filomena alinong'ona.

Mwanamke alisimama mbele ya kigoda, akashika kiuno.

"Nimeacha maharage jikoni nije kukulilia," alisema, "nakukuta unakunywa uji. Huna adabu hata ya kulala?"

Mzee aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, pembe moja ya mdomo wake ilitikisika. "Nimeuawa na Mhaya."

"Nimesikia. Hodari sana. Wanasoma mpaka wanaua." Akamgeukia Kokugonza. "Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi, mama."

"Chuma chako kinasema mimi nina miaka mingapi?"

Kokugonza alitazama kioo. "Themanini na minane."

Hata waombolezaji walishindwa kujizuia. Mloka aliwangoja wamalize kucheka.

"Nina sitini na mmoja. Sasa nisikilize, maana hawa nyuma yangu wananisikiliza kuliko wewe." Alisema bila kugeuka, lakini majembe yaliacha kutikisika. "Walipanda kuniambia: Kobero ameisha, Mloka bado anapumua, kiapo kimevunjika upande mmoja, maji yote yetu. Wa kwao akiwa marehemu na wa kwetu mzima, ndivyo itakavyokuwa. Kesho watazikana. Kwa hiyo niulize."

"Nikuulize nini, mama?"

"Ulichomuuliza yeye."

Kokugonza hakubonyeza kitufe. "Nikikuuliza, nitaandika utakachojibu. Vikuku vyote vitasema. Sitaweza kukifuta."

"Yeye ulimwambia hivyo kabla ya kumuuliza?"

"Hapana."

"Basi umejifunza. Niulize."

Kokugonza alibonyeza kitufe, mkono juu, mbele ya watu wote. "Mama, yule uliyemrithi jina, mlimzika wapi?"

"Hatukumzika. Alichukuliwa na mto mwaka wa mafuriko, kikuku chake tu tukakiokota ukingoni saa ile ile. Tulizika kanga yake, mteremkoni chini ya nyumba yangu." Alinyoosha kidole nyuma. "Na shahidi ni huyu, mwanangu mkubwa, aliyeitafuta maiti siku tatu. Sema."

Kijana wa mbele kabisa alilishusha jembe lake. Alikuwa na ndevu changa na macho mekundu. "Nilimtafuta," alisema. "Alikufa."

Kokugonza akathibitisha, na kufuli ikafunguka. Vikuku vya Kidumbwe vikataja jina la Mloka na kutoa pole. Mloka alikiokota chake, akakiweka mkekani juu ya kile cha namba 117, akasimama wima.

"Kobero," aliita.

Mzee alichelewa kujibu. Alijishika kwenye mkongojo, akainuka, blanketi likaanguka.

"Naam, Mloka."

"Mchana?"

"Kwetu."

"Usiku?"

"Kwenu."

Mloka aliwageukia vijana wake. "Mmesikia wanaopumua," alisema. "Kaeni chini, mle chakula."

Wakakaa. Mmoja tu alibaki amesimama, kisha naye akakaa.

Simu ya Profesa iliita tena. Safari hii Kokugonza aliipokea. "Ni wawili sasa," alisema.

"Simamisha zoezi hilo," Profesa alisema. "Ni amri."

Kokugonza alitazama mkekani. Mwanamume mmoja wa makamo, asiyemfahamu, alikuwa amepiga magoti mbele yake, mkono wa kushoto umenyooshwa. Nyuma yake alisimama mwingine, na nyuma ya huyo mwingine.

"Si mimi ninayeendesha zoezi," alisema, akaiweka simu chini ikiwa wazi. "Baba, kabla sijakuuliza, nitaandika utakachojibu. Sitaweza kukifuta. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Yule uliyemrithi jina, mlimzika wapi?"

Saa nane kamili ilifika. Kikuku namba 117, kikiwa mkekani chini ya vingine, hakikutoa dozi. Mapigo ya mzee aliyeketi kigodani yalikuwa hamsini na mawili. Saa nane na dakika sita, mtu wa kumi na tisa aliweka kikuku chake juu ya rundo.